Kiungulia Changu na cha Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa nguo, na kwa miaka ishirini na zaidi nimepima viuno vya watu wa Makindu bila huruma. Nimewahi kumwambia shemasi wa kanisa, tepi mkononi, kwamba suruali ya mwaka jana asiitarajie tena. Lakini kiuno changu mwenyewe sikuwahi kukipima. Suruali zangu nilizikata kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yangu ilikuwa imekwama pale nilipokuwa kijana mwembamba anayetafuta mchumba. Kila asubuhi nilifunga mkanda huku nimeshikilia pumzi, kisha nikaketi kwenye cherehani na kujikunja juu ya kitambaa mpaka jioni, halafu nikashangaa ni nani anayeniwashia moto kifuani.

Moto wenyewe ulikuwa na ratiba. Ulianzia chini ya mfupa wa kifua baada ya chakula cha mchana, ukapanda taratibu hadi kooni, na ukifika huko unaniachia maji makali machachu mdomoni, kana kwamba nimelamba betri ya redio. Nikiinama kuokota kifungo, unapanda. Nikijilaza kidogo nyuma ya duka, unapanda. Kwetu ugonjwa wowote ulio kati ya kidevu na kitovu unaitwa ulsa, kwa hiyo nami nilijitangaza kuwa mtu wa ulsa, nikaanza kujitibu kwa bidii iliyozidi elimu yangu.

Jirani yangu anayeuza viatu aliniambia maziwa baridi. Nikanywa. Yaliuzima moto kwa muda wa kushona kola moja, kisha ukarudi na jamaa zake wote. Mteja mmoja akaniletea kiluma, yaani ule mshubiri mchungu unaoota ovyo kwenye mawe, akasema nitafune. Siku hiyo sikushona kitu. Nilikuwa safarini kati ya duka na choo. Mwishowe nikagundua magadi, yale yale tunayotia kwenye isyo ili mahindi na maharagwe yalainike upesi. Kijiko kimoja kwenye maji, napiga mbweu moja ya kutikisa kioo cha dirisha, na kwa saa nzima nakuwa mtu mzima mwenye afya. Nilijiona mgunduzi. Baadaye daktari aliponiambia kwamba chumvi ile ingeweza kunipandisha presha na kuniharibu figo, nilikuwa tayari nimeshawafundisha watu watatu namna ya kuikoroga.

Ukiniuliza wakati huo nilikuwa nakula nini, ningekujibu kwamba nakula kama watu. Msimu wa machungwa nilikuwa na gunia dogo kando ya cherehani, na maganda yalijaa sakafuni kuliko vipande vya vitambaa. Embe bichi kwa chumvi na pilipili, mbuzi wa kuchoma Jumamosi, chai nzito ya maziwa vikombe vitano, vya mwisho nikiwa tayari kitandani. Sikuona uhusiano wowote kati ya mambo hayo na moto. Mtu hupenda kuamini kwamba anaumwa kwa bahati mbaya.

Sasa, mtu mwenye mbweu kama zangu ana mahali pamoja pa kuogopa duniani, napo ni kwa mama mkwe. Mke wangu ametoka Kyuso, kaskazini mwa Kitui, nchi ya ndengu na mbuzi. Sisi Wakamba tuna kitu tunakiita nthoni, ile heshima iliyochanganyika na haya kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hamshikani mikono. Hamketi karibu. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Hamwonani mkila. Siku hizi wengi wameokoka na nthoni imepungua hadi wakwe wanakumbatiana kanisani, lakini mama mkwe wangu aliokoka bila kuiacha. Alisema kwamba siku ile alipookoka hakuna aliyemwuliza habari hiyo.

Kwa hiyo miaka yote hiyo yeye na mimi tuliongea kupitia ukuta wa jikoni. Mimi nikiwa sebuleni nimetulia kama bwana harusi, sauti yake inatoka upande wa pili, haimwambii mtu yeyote hasa: "Mgeni amefika salama?" Nami naujibu ukuta kwamba mgeni amefika salama. Nilimpenda mama huyo. Nilimjua kwa sauti, kwa kikohozi, na kwa vipimo vya nguo ambavyo mke wangu aliniletea kwenye karatasi kila Krismasi ili nimshonee gauni. Uso wake nilikuwa naukwepa kwa heshima zote.

Na kwa heshima hiyo hiyo, yeye alinilisha. Kumpa mkwe chakula kilichokuwa kikimngojea ni dharau, hivyo moto haukuwashwa mpaka niwe nimeketi. Nikifika jua linapotua, ndiyo kwanza mbuzi anafungwa kamba. Chakula kiliingia saa nne usiku: muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na kunde, mafuta yakielea juu yake, supu ya mbuzi, nyama, chapati, na chai juu yake ya kuteremshia. Sahani ikirudi na tonge moja tu, ukuta unauliza, "Mgeni hakupenda chakula?" Basi nilimaliza. Na upande wa pili nilisikia kijiko chake nacho kikigonga sahani, maana katika nyumba ile mpishi lazima asikike akila alichompikia mgeni, mgeni asije akadhani chakula kina jambo. Tulikula hivyo, ukuta katikati, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Kisha nikaenda kulala na mzigo wangu, nikiuma kona ya mto ili mbweu isitoke, kwa sababu vyumba vya Kyuso vina mabati juu bila dari, na hakuna siri inayofichika chini ya mabati.

Huenda ningeendelea hivyo mpaka leo, kama si tonge la ugali.

Ilikuwa mchana wa kawaida dukani. Nilimeza tonge, na tonge likasimama. Halikunikaba, pumzi ilipita vizuri. Lilisimama tu katikati ya kifua kama mtu aliyefika kwenye lango na kukuta limefungwa. Nikanywa maji, maji yakasimama juu yake. Baada ya muda vyote viliteremka, nikafuta machozi, nikaendelea kushona. Lakini mshono wa siku hiyo nilikuja kuufumua wote.

Baba yangu alikufa kwa ugonjwa wa koo. Ulianza hivyo hivyo, na ugali. Kisha ikawa wali, kisha uji, kisha maji ya kijiko. Mimi nilikuwa nimeoa karibuni, fundi mpya mwenye cherehani ya kuazima, na kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kumpunguzia baba suruali. Nilimpunguzia mara tatu. Mara ya nne alinishika mkono akasema, "Acha, kijana yangu, hii nitafunga na kamba." Suruali ya mwisho niliishona kwa kumkisia, na alivalishwa akiwa amelala.

Sikumwambia mtu. Usiku huo nilifunga mlango wa chumba, nikachukua tepi, nikajipima kiuno kwa mara ya kwanza maishani, nikiomba kiwe kikubwa. Kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Nilifurahi dakika nzima. Kisha nikakumbuka kwamba hata baba alianza akiwa na tumbo, na furaha ikaniishia.

Daktari wa kliniki ya pale mjini alinisikiliza habari ya moto kwa utulivu, akiandika. Nilipofika kwenye ugali, akaweka kalamu chini. Akaniambia kiungulia watu wengi wanacho na kinatibika, lakini chakula kikianza kukwama, au mtu akikonda bila sababu, au akitapika damu, au akipata choo cheusi kama lami, hapo hakuna kungoja. Lazima nipigwe kamera, ule mpira mwembamba unaoteremshwa kooni uangalie umio, yaani njia ya chakula. Akaniambia hospitali ya mji wa Wote inaweza kunipangia siku. Nikamwambia hapana, nataka Kitui.

Sababu yangu ilikuwa ya kipuuzi, na niliiona ya busara kabisa. Huko mjini Wote ningekutana na mtu wa kwetu. Na mtu wa kwetu angemwambia mke wangu, na mke wangu, ninayempenda, ni mtu ambaye habari ikiingia sikio la kushoto, kabla haijafika la kulia imeshapigiwa simu Kyuso. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuoa Kyuso. Kitui mjini ni mbali, kupitia Kibwezi na Mutomo. Nani angenijua huko? Nilimwambia mke wangu kwamba naenda kutafuta kitambaa cha sare za shule. Nikalala kwa binamu yangu huko mjini, naye nikimdanganya habari ile ile ya kitambaa, sikula kitu tangu usiku kama nilivyoagizwa, na asubuhi saa mbili nilikuwa kwenye benchi la hospitali, tumbo tupu, moyo umejaa.

Sikuwa nimefikiria jambo moja. Watu wa Kyuso nao wakiumwa sana, wanatumwa Kitui mjini.

Nililiona gauni kwanza. Fundi haoni watu, anaona nguo. Nikaona gauni la rangi ya zambarau, mabega yenye mikunjo mitatu, na nikajisemea kwamba yule aliyelishona anajua kazi. Kisha nikaona jinsi pindo la nyuma lilivyoshuka kidogo upande wa kulia, kosa ambalo nalijua kwa sababu ni langu, la Krismasi iliyopita. Ndani ya gauni alikuwa mama mkwe wangu, ameketi benchi la mbele, mkoba mapajani.

Niliinuka kutoroka, na wakati huo huo nesi akatokea mlangoni na kuliita jina langu, yote matatu, kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi mlimani. Mama mkwe akageuka. Nikaketi. Nikatazama sakafu, naye akatazama ukutani, na tukakaa hivyo, wawili walionaswa, bila hata mtoto mmoja wa kupitishia salamu. Nesi aliniambia ningoje kidogo, akarudi ndani.

"Ni wewe?" mama mkwe akaliuliza bango la kunawa mikono.

"Ni mimi, Mama," nikamjibu kupitia mlango wa maabara.

"Watoto wako sawa?"

"Wako sawa."

"Msichana yangu anajua uko huku?"

"Anajua niko Kitui. Nimekuja kutafuta kitambaa."

"Ya nini?"

"Ya sare za shule, Mama."

Akaliangalia bango kwa makini. "Kwa hii hospitali ndio wanauza?"

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imeishia hapo kwenye benchi. Nikajitetea kwa kumrudishia swali. Nikauliza kama binti yake anajua kwamba yeye yuko hapa. Akaufungua mkoba, akaufunga.

"Anajua niko mkutano ya akina mama ya kanisa," akasema. "Inaisha kesho."

Sikucheka, lakini benchi lilitikisika. Nikajua na lake lilitikisika.

Basi tuliongea. Sijui kama ni njaa au ni woga, lakini kwa mara ya kwanza tuliongea bila ukuta, kila mmoja akitazama mbele yake. Aliniambia kwamba kifua kimekuwa kikimchoma miaka, na kikohozi cha usiku kisichoisha, kile nilichokijua mimi kwa kukisikia, kumbe hakikuwa cha vumbi bali cha hiyo hiyo asidi ikimpanda kooni. Alikuwa amepigwa kamera wiki mbili kabla, akasindikizwa na jirani, na leo alikuja peke yake kuonwa tena na kuongezewa dawa. Kwa hiyo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, na mimi ndiyo kwanza naingia.

"Daktari alinichorea," akasema. "Hapa juu ya tumbo iko mlango. Ukikula inafunguka, chakula inapita, inafunga. Sasa yangu imelegea kama lastiki ya soksi ya zamani. Wewe ni fundi, unaelewa lastiki. Ukijaza tumbo halafu ulale, ile maji ya kuchoma inarudi juu. Tumbo yenyewe iko na ngozi ngumu, haisikii kitu. Huku juu ndio hakuna."

"Sasa unafanya nini, Mama?"

"Nimeinua kitanda na matofali upande ya kichwa. Si mito! Mito inakukunja katikati, inakamua tumbo kama ndimu. Kitanda yote iinuke. Nalala na ubavu ya kushoto. Chakula ya mwisho ni mapema, masaa tatu mbele ya kulala. Dawa ni asubuhi, nusu saa kabla ya chai, sio kungoja moto iwake ndio utafute maji. Na hiyo mkanda yako, hata kutoka hapa naona inakuua."

Niliuliza kuhusu pilipili. Akasema daktari alimwambia kila mtu na adui yake, ajichunguze mwenyewe. Yeye pilipili haimfanyi kitu. Adui zake ni chai ya majani mengi na mafuta.

"Mafuta ya nini?" nikauliza, ingawa nilishaanza kuhisi tunakokwenda.

"Ya muthokoi. Mimi muthokoi ya mafuta siwezani nayo hata kidogo."

"Lakini Mama, si ni wewe unapika?"

"Napika kwa sababu unapenda! Sahani inarudi imelambwa mpaka siioshi!"

"Mama, mimi namaliza kwa sababu naogopa kukuudhi. Halafu nakusikia huko jikoni ukikula, nasema, mama mzee anakula, mimi kijana nitashindwaje?"

Aligeuka akanitazama, nusu tu ya jicho. "Mimi ndio nilikuwa nakusikia," akasema. "Nikasema, huyu kijana bado anakula, nikiacha mimi atafikiria nini? Nikiwa peke yangu nakunywa uji kikombe moja saa kumi na mbili, nalala."

Hapo tukacheka. Tulicheka hadi mzee aliyeketi kando akasogea. Watu wawili tumeunguzana miaka yote hiyo kwa adabu, kila mmoja akimezea mwenzake muthokoi asioutaka. Na katikati ya kicheko mama mkwe wangu akapiga mbweu. Haikuwa ndogo. Nikainua macho nikaisoma dari yote, ubao kwa ubao, mpaka alipomaliza kurekebisha kitambaa chake cha kichwa.

Niseme hapa hapa, kwa sababu mbele sitapata nafasi: siku hizi tukienda Kyuso chakula kinatoka saa kumi na moja jioni, na muthokoi hauna mafuta, na sahani ni ya kiasi cha mtu. Usiku ni uji tu. Machungwa nakula moja moja, na si kabla ya kuinama. Nimeshusha chai hadi vikombe viwili. Suruali zangu nimezikata upya kwa vipimo vya kweli, na zile za zamani zimekuwa mifuko ya suruali za watu wengine. Siri yetu haikudumu hata miezi miwili. Mke wangu alikwenda kwao akaona matofali chini ya kitanda cha mama yake, akarudi akaona matofali chini ya chetu, akajumlisha. Tulikaripiwa siku moja, mimi ana kwa ana, na mama yake kwa simu, na sijawahi kukaripiwa nikiwa na mwenzangu mzuri kama huyo.

Lakini siku ile kwenye benchi bado hakuna aliyejua chochote kuhusu koo langu. Kicheko kilipoisha, woga ulikuwa bado umeketi palepale.

Nesi alirudi na faili. "Mzee, umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Hapana, hiyo haiwezekani. Tukikudunga sindano ya usingizi huwezi kutoka hapa peke yako. Lazima kuwe na mtu wako. Hata daktari, kama kuna kitu ya kusema, anataka mtu wako akuwe hapo."

Nitasema ukweli: nilifurahi. Maneno hayo ya mwisho, kama kuna kitu cha kusema, yaliniingia tumboni kuliko magadi. Nilikuwa nimetafuta sababu ya kukimbia tangu Mutomo, na sasa nimepewa bure, tena na serikali ya hospitali yenyewe. Nikasema basi, sina mtu, nitarudi siku nyingine. Nilishasimama. Nilijua moyoni kwamba hiyo siku nyingine haipo. Ningerudi Makindu nikashone, na ningemeza uji, na ningejipunguzia suruali.

"Mtu wake niko hapa."

Mama mkwe alikuwa amesimama, mkoba kifuani. Nesi akamtazama, akanitazama.

"Wewe ni nani wake, Mama?"

Jibu la kweli lilikuwa gumu. Kwa mila, yeye alikuwa mtu wa mwisho Ukambani kote wa kuniona nimelala, kinywa wazi, mate yakinitoka. Ningekuwa yeye ningesema mimi ni jirani tu. Alivuta pumzi.

"Mimi ni mama yake," akasema. "Andika."

Nesi akaandika. Mimi nikabaki nimesimama, nusu ya kwenda na nusu ya kukaa. Mama mkwe akaja, akaketi kwenye benchi langu, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Keti chini," akasema. Nikaketi. "Mazishi ya baba yako nilikuja. Nilikaa huko nyuma na wamama, haukuniona. Wewe ulikuwa unashika mguu ya suruali yake, unanyoosha, unanyoosha, mpaka wakafunga sanduku. Najua unaogopa nini."

"Naogopa sana, Mama," nikasema. Hakuna mtu mwingine niliyewahi kumwambia hivyo, hata mke wangu, hata Mungu kwa sauti.

"Hata mimi niliogopa. Ingia ukiwa unaogopa. Hawajakataza."

Nikaingia. Walinipulizia dawa kooni, chungu, ulimi ukafa ganzi. Wakanilaza ubavu wa kushoto, wakaniweka kitu cha plastiki kati ya meno, wakanidunga sindano mkononi. Nesi akaniambia nipumue kwa pua. Nilipumua mara mbili, nadhani, na ya tatu siikumbuki.

Nilipofungua macho nilikuwa kwenye chumba kingine chenye mwanga. Sikuwa na viatu wala mkanda. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na kitanda, karibu kuliko alivyowahi kuketi, viatu vyangu vimepangwa mapajani mwake. Nilitaka kuuliza. Koo lilikuwa bado limekufa ganzi na neno halikutoka, na nilishukuru, kwa sababu neno lisipotoka jibu nalo halilazimiki kuja.

"Daktari amekuja ukiwa umelala," akasema. "Ameniambia mimi kwanza."

Nikafumba macho.

"Ameangalia yote, mpaka chini. Hakuna uvimbe. Asidi imechoma njia ya chakula, na kwa sababu ya kuchomeka pamebana kidogo, ndio ugali inakwama. Amekata kanyama kadogo ka kupima, lakini hiyo ni ya kuhakikisha tu. Amesema dawa itaponya, na ukae vile anakuambia." Kisha akalisema la mwisho polepole ili nisije nikakosea kulisikia. "Sio ile ya baba yako."

Nilitaka kusema asante. Badala yake nikaanza kulia, kwanza kidogo, kisha kama mtoto, kifua chote kikitikisa kitanda cha watu. Nililia kwa ajili yangu, na nadhani nililia pia kwa ajili ya zile suruali za baba, ambazo wakati ule nilikuwa na kazi nyingi hata sikupata nafasi ya kuzililia. Nikakumbuka niko mbele ya nani. Nikajaribu kuinuka nikatafute mahali, miguu ikakataa, nikavuta shuka usoni, na shuka lilikuwa fupi.

"Lala," mama mkwe akasema. "Lia tu. Mimi naangalia nje."

Nikasikia kiti kikiburutwa. Alikigeuza mpaka akanipa mgongo, akatazama dirishani, na ili nijue kwamba kweli hanitazami, akaanza kunieleza anachokiona.

"Kuna mama anauza ndizi," akasema. "Kuna mtu anaosha gari. Kuna mbuzi imeingia kwa maua ya hospitali, inakula. Sasa wanaifukuza. Imeenda." Akangoja kidogo. "Imerudi."

Akaendelea hivyo, bila kugeuka, mpaka nilipomaliza.